Mwanakwaya Mwenzetu Anapougua Saratani



Ndugu zangu waamini, kwaya zetu za Mwanza zina sifa moja ambayo hakuna awezaye kuzinyang'anya: zinajua kuzika. Mwanakwaya akifariki dunia, wenzake hufika nyumbani kabla hata turubai halijafungwa. Hukesha wakiimba, huvaa sare, hubeba jeneza, na makaburini huimba mpaka ndugu wa marehemu wakashuhudia wenyewe kwamba mtu wao alipendwa. Ni jambo jema, kwa maana kuzika wafu ni mojawapo ya matendo saba ya huruma ya kimwili tuliyoyakariri tangu mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Lakini katika orodha hiyohiyo, kabla ya kuzika wafu, limetajwa tendo la kuwatembelea wagonjwa. Makala haya yanahusu kipindi kilicho kati ya matendo hayo mawili: miezi ile, na pengine miaka, tangu mwenzetu wa kwaya aambiwe na daktari kwamba ana saratani. Katika kipindi hicho kwaya zetu, zilizo hodari sana siku ya msiba, mara nyingi huwa hazijui zifanye nini. Basi hunyamaza, na mgonjwa huusoma ukimya huo kama kusahauliwa.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini kwaya? Mgonjwa ana familia yake, ana Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo, ana wauguzi. Ni kweli. Lakini kila mmoja wa hao humtazama kwa jicho lake. Hospitalini yeye ni namba ya faili na jina la ugonjwa. Nyumbani, hata akipendwa namna gani, anaona nauli na dawa zinavyokula ada ya watoto, na anajihesabu kuwa mzigo. Kwenye kwaya alikuja kwa kupenda mwenyewe. Hakuna aliyemlipa wala aliyemlazimisha kupanda daladala kila Jumamosi jioni baada ya kazi ili akarudie mstari mmoja wa nota mara kumi na tano. Pale anajulikana kwa kitu anachokipenda na anachokiweza: yeye ni sauti ya pili, anayeanza kwa wakati, anayewasaidia wageni kushika noti. Saratani humpokonya mtu mambo mengi. Akipokonywa na hili, na tena kwa mikono yetu sisi tulioimba naye, anaugua mara mbili. Haya ninayosema juu ya kwaya yanawahusu vilevile wachezaji wa ngoma, maveterani wa mpira wanaokutana uwanjani asubuhi, na wazee wa bao chini ya mwembe. Popote watu walipokutanishwa na kitu wanachokipenda, upo wajibu ambao hautokani na damu.

Wazee wetu wa Usukuma waliufahamu wajibu huo. Wagika na Wagalu, vile vyama viwili vya ngoma ambavyo ushindani wao bado unavuta umati kule Bujora, Kisesa, wakati wa sherehe za Bulabo baada ya sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, havikuwa burudani tupu. Hata bugobogobo, ngoma ya majembe, chanzo chake ni shambani: watu walilima pamoja kwa mdundo mmoja, na kazi ya mmoja ikawa ya wote. Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada aliyeanzisha makumbusho ya Bujora, aliona kwamba Injili inaweza kukaa vizuri ndani ya mdundo huo. Kwaya ya parokia ni mrithi wa utaratibu huo, na hatupaswi kuurithi wimbo tukaliacha jembe.

Katika Injili ya Marko, sura ya 2, watu wanne wanambeba mwenzao aliyepooza. Wanakuta mlango umezibwa na umati, wanapanda darini, wanatoboa, wanamteremsha na kitanda chake mbele ya Yesu. Mwinjili anasema Yesu aliiona imani yao wale waliobeba. Mtu wa Mwanza haelezwi sana maana ya habari hii. Anayekaa juu kule Mabatini, Igogo au Isamilo, kwenye nyumba zilizojengwa katikati ya mawe, anajua kwamba bodaboda hufika mahali ikagota, na kutoka hapo mgonjwa asiyeweza kutembea ni lazima abebwe mabegani kwenye ngazi za mawe mpaka barabarani. Kwaya yenye vijana sita wa besi haina kisingizio. Na ifahamike kwamba wale wanne hawakumponya mwenzao. Walimfikisha tu.

Kazi ya kumfikisha huanza hata kabla ya ugonjwa kujulikana. Saratani nyingi huku kwetu hufika hospitalini zikiwa zimechelewa, na tiba ambayo ingekuwa rahisi inakuwa ngumu. Hapa wanakwaya wana nafasi ambayo pengine hata mke au mume hana, kwa sababu kazi yetu ni kusikiliza sauti. Sauti ya mtu ikikwaruza kwa zaidi ya wiki tatu bila mafua, si suala la kumwambia anywe tangawizi tena. Ni suala la kwenda kuchunguzwa koo. Vilevile mtu anayeanza kusita kumeza chakula kwenye sherehe ya somo wa kwaya, mwenye sare inayozidi kupwaya mwezi hadi mwezi, mama anayetokwa damu nje ya siku zake au baada ya kukoma hedhi, aliyeona uvimbe kwenye titi, mzee anayepata shida ya kukojoa, mvuvi anayekojoa damu. Huyu wa mwisho namtaja kwa makusudi, kwa sababu huku kwetu wengi wamezoea kuona damu kwenye mkojo kama jambo la kawaida la utotoni. Kichocho cha mkojo kisichotibiwa ni chanzo kinachojulikana cha saratani ya kibofu. Na walimu wa kwaya za watoto wajue kwamba uvimbe wa taya unaokua haraka kwa mtoto usihesabiwe kuwa ni jino tu. Unaweza kuwa saratani iliyoelezwa mwaka 1958 na daktari Denis Burkitt aliyefanya kazi Uganda, ambayo huonekana zaidi katika maeneo yenye malaria nyingi kama haya yanayozunguka Ziwa, na ambayo watoto wengi hupona kwa dawa wakiwahishwa.

Aliye karibu naye kwenye mstari ndiye amwambie, kwa siri na kwa heshima, tena ajitolee kwenda naye. Maneno "twende wote, nitakungoja nje" yamewafikisha watu hospitalini kuliko mahubiri yangu mengi.

Kwa neema ya Mungu, hatuko mbali na tiba. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 na inayoendeshwa na Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania kwa ubia na Serikali, ina huduma za saratani: upasuaji, tiba ya dawa na tiba ya mionzi. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Kanda ya Ziwa aliyehitaji mionzi hakuwa na njia ila kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,100, mbali na kila anayemjua. Wapo bado wanaopewa rufaa ya kwenda huko, lakini wengi sasa hutibiwa kilimani Bugando, mahali ambapo mwanakwaya anaweza kupita akitoka kazini.

Hatua inayowatisha wengi ni kipimo cha kinyama. Daktari hukata kipande kidogo cha uvimbe na kukipeleka maabara, kwa kuwa bila hivyo hakuna awezaye kusema kwa hakika kama ni saratani na ni ya aina gani. Mitaani kwetu kuna maneno kwamba uvimbe ukiguswa na kisu saratani "inakasirika" na kusambaa. Maneno hayo yamewaua watu. Saratani husambaa kwa sababu imeachwa ikue. Majibu ya kipimo huweza kuchukua siku nyingi, na siku hizo za kungoja ni nzito kuliko nyingine zote. Mtu halali. Ukimpigia simu mgonjwa mara moja tu katika safari yake nzima, ipige wakati huo.

Kisha majibu yanatoka. Hapa naomba tujifunze kwa rafiki watatu wa Ayubu. Watu huwakumbuka kwa ubaya, lakini sura ya pili ya kitabu hicho inasimulia kwamba walipofika waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kumwambia neno, kwa sababu waliona maumivu yake ni makubwa mno. Siku hizo saba walikuwa marafiki wa kweli. Waliharibu walipoanza kueleza. Na sisi huharibu palepale. "Mungu anakujaribu kwa sababu anakupenda." "Jitafakari, huenda kuna dhambi hujaungama." "Shangazi yangu alikuwa na hiyohiyo, alikufa baada ya miezi miwili." Wanafunzi walipomwuliza Yesu juu ya yule kipofu tangu kuzaliwa, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, Bwana alikataa swali lenyewe. Basi nasi tusilirudishe kupitia mlango wa uani. Mgonjwa anahitaji kusikia mambo machache: pole sana, nipo, mazoezi ya Jumamosi nitakupitia au nikurekodie? Hilo la tatu ni dogo, lakini linamwambia kwamba bado anahesabiwa kuwa mwanakwaya.

Habari ya ugonjwa ni mali ya mgonjwa. Nasema hivi kwa sababu ya makundi yetu ya WhatsApp. Mtu amemwambia mwenyekiti wake peke yake saa nne asubuhi. Saa sita mchana kwaya nzima, na kwaya ya kigango cha jirani, na shemeji yake aliyeko Geita, wote wameandika "pole sana mama" na kuweka alama za machozi, wakati watoto wake mwenyewe hawajaambiwa. Aulizwe kwanza: ungependa nani ajue, na ajue kiasi gani? Atakachojibu ndicho kifuatwe, hata kama sisi tunaona ingefaa zaidi kutangaza ili watu wamwombee. Mungu anayasikia maombi yasiyotaja jina. Picha ya mgonjwa akiwa kitandani, kichwa kimenyonyoka nywele, isipigwe, na ikipigwa isitumwe.

Nije sasa kwenye jambo ambalo wengi hulisema kwa kunong'ona. Katika nchi yetu ya Usukuma, ugonjwa mkubwa ukiingia nyumbani, swali la kwanza mara nyingi si "ni ugonjwa gani?" bali "ni nani?" Kwaya haijasalimika. Patakuwa na mtu atakayekumbuka kwamba mgonjwa aligombea uongozi na fulani, au alipewa kuimba peke yake siku ya Krismasi na fulani akanuna. Wapiga ramli chonganishi huishi kwa kumbukumbu za namna hiyo. Tunajua zilikotufikisha: vikongwe waliouawa katika mikoa yetu kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kupikia kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe kwa miaka hamsini. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2115 hadi 2117, inakataza uaguzi wa kila namna. Lakini hata kabla ya katazo hilo, tuseme ukweli kuhusu ugonjwa wenyewe. Saratani ni chembe za mwili wa mtu zilizoacha kutii utaratibu wa kukua. Nyingine huchochewa na virusi, kama saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa akina mama wa Tanzania, ambayo ndiyo sababu wasichana wetu wanachanjwa tangu mwaka 2018. Nyingine huchochewa na tumbaku au pombe, na nyingi hatuwezi kutaja chanzo chake kwa mtu huyu mmoja. Haitupwi na jirani, na wala haiambukizi. Mgonjwa anywe kikombe kilekile, ale sahani moja nasi, akumbatiwe. Anayepigwa mionzi ya nje kwa mashine hatoki nayo mwilini, hivyo anaweza kumpakata mjukuu wake jioni ileile.

Ndugu wa karibu wa ramli ni tiba za ajabu. Tunakumbuka mwaka 2011, misururu ya magari kuelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, ambako Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alitoa kikombe kwa shilingi 500. Sina haja ya kumhukumu marehemu. Ninachokumbuka ni wagonjwa waliotoka wodini kwenda kule, na wale walioacha dawa zao wakiamini wamekwisha kupona. Leo kikombe kimebadilika jina: ni mafuta ya upako yanayouzwa kwa chupa, ni unga wa mizizi unaotangazwa kutibu magonjwa arobaini, ni mhubiri anayemtaka mgonjwa atupe vidonge ili kuonyesha imani. Mkatoliki ana jibu katika Maandiko yake. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatuagiza kumheshimu tabibu kwa kuwa Bwana ndiye aliyemwumba, na anasema dawa hutoka katika ardhi kwa mapenzi yake Mungu, na mwenye busara hazidharau. Katika sura hiyohiyo anamwagiza mgonjwa asali, na ampe tabibu nafasi yake. Vyote viwili, katika pumzi moja. Kwa hiyo kwaya ikifanya novena kwa maombezi ya Mtakatifu Peregrini, mtawa Mwitalia aliyefariki mwaka 1345 na anayeombwa hasa na wagonjwa wa saratani kwa sababu yeye mwenyewe aliugua mguuni akaponywa, inafanya vema. Ifanye novena hiyo mgonjwa akiwa kwenye matibabu. Na kama anakunywa mitishamba, mumsihi amwambie daktari wake, kwa maana baadhi ya mizizi hugongana na dawa au huumiza ini lililokwisha kuchoka.

Matibabu yenyewe ni marefu, nasi watu wa Kanda ya Ziwa tuna desturi ya kuja kwa wingi wiki ya kwanza na kupotea wiki ya tano. Mionzi hutolewa mara nyingi siku tano kwa wiki, kwa majuma kadhaa mfululizo. Dawa za dripu huja kwa mizunguko, kwa mfano kila baada ya wiki tatu, na huweza kuchukua nusu mwaka. Kwaya iliyo na watu thelathini inaweza kugawana siku hizo bila mtu yeyote kuumia, ikiwa na mtu mmoja mwenye daftari, na mtu huyo asiwe mwalimu wa kwaya, ambaye tayari ana mengi. Mmoja anampeleka kliniki, mwingine anachota maji, mwingine anakaa na watoto saa za jioni. Wagonjwa wengi wanatoka mbali: Ukerewe, wakivuka kwa meli, Sengerema na Geita, ambako Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limewaondolea kungoja kivuko, lakini halijawapa mahali pa kulala mjini. Mgonjwa wa mionzi hawezi kwenda na kurudi kila siku. Kwaya ya kijijini ikimpigia simu kwaya ya parokia ya mjini, hata ya jimbo jingine, na kusema "tunamleta mwenzetu wa sauti ya nne, mnaye mtu mwenye chumba?", hapo ndipo ninapoona maana ya yale mashindano na ziara za kwaya tunazozichangia kila mwaka.

Yapo mambo ya mwili ambayo wageni wa mgonjwa wanapaswa kuyajua. Dawa za saratani hushusha kinga, hasa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Katika siku hizo mwenye mafua au kikohozi asiende kumtazama, apige simu. Wasiingie watu ishirini kwa pamoja na kuimba nyimbo nane katika chumba kidogo, hata kama nia ni njema. Mgonjwa akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, apelekwe hospitali saa ileile, usiku au mchana, asingojeshwe kwa panado mpaka kukuche. Vidonda vya mdomo humzuia kula na, jambo linalomwuma mwanakwaya kuliko wengine, humzuia kuimba. Kusukutua kwa maji vuguvugu yenye chumvi kidogo husaidia. Chakula kiwe laini, kisicho na pilipili: uji, supu ya sato, dagaa waliopondwa vizuri. Harufu ya kukaanga samaki huweza kumtapisha mtu ambaye mwezi uliopita aliipenda, kwa hiyo tusikasirike sahani ikirudi imejaa.

Kuna zawadi nyingine ambayo haihitaji fedha. Wagonjwa wa saratani huhitaji damu mara kwa mara, na benki ya damu haitengenezi damu. Huipokea kutoka kwa watu. Mwenye afya njema, umri kati ya miaka 18 na 65 na uzito usiopungua kilo 50, anaweza kuchangia: mwanaume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Kwaya inayokwenda pamoja kuchangia damu kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, tarehe 22 Novemba, itakuwa imempa somo wake heshima kuliko kwa keki.

Juu ya fedha nitasema kwa ufupi. Michango iandikwe, itunzwe na mhazini pamoja na mtu mmoja wa familia, na mgonjwa asilazimishwe kuja mbele ya altare kujieleza ili watu watoe. Na zitazameni katiba zenu. Katiba nyingi za kwaya nilizozisoma zina kifungu cha rambirambi, chenye kiasi kilichotajwa, na zina kifungu cha kumwondoa anayekosa mazoezi mfululizo. Za ugonjwa wa muda mrefu hazisemi lolote. Matokeo yake ni kwamba mwenzetu anaweza kufutwa kwenye daftari la mahudhurio akiwa wodini, kisha akazikwa kwa heshima zote za kwaya. Kifungu kimoja kinatosha: mgonjwa anabaki mwanachama, hatozwi faini, na sare mpya ikishonwa naye anashonewa.

Kuhusu sakramenti, bado tunapambana na hofu ya zamani. Padre akionekana na mafuta, nyumba nzima huanza kulia. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Liturujia, namba 73, ulifundisha kwamba Mpako Mtakatifu si kwa walio katika saa ya mwisho peke yao. Wakati wake unaofaa huwa umeshafika mtu anapoanza kuwa katika hatari kwa sababu ya ugonjwa au uzee. Saratani iliyothibitishwa inatosha. Anayekwenda kufanyiwa upasuaji mkubwa wa ugonjwa huo anatosha. Unaweza kurudiwa hali ikizidi kuwa mbaya, au akipona na kuugua tena. Mtume Yakobo aliandika kwamba mgonjwa awaite wazee wa Kanisa, kwa hiyo msingoje paroko abahatishe kusikia. Mpigieni simu, mumwandae mgonjwa, na wanakwaya wawili au watatu waje waimbe kwa sauti ya chini wakati wa adhimisho. Vilevile Komunyo Takatifu inaweza kumfikia nyumbani kila Dominika kwa mikono ya wahudumu. Yule aliyezoea kupokea akitoka jukwaa la kwaya asikae miezi mitatu bila Ekaristi kwa sababu tu hakuna aliyepeleka jina lake sakristia.

Wengine wanaamini kwamba Mkristo mwema hapaswi kumeza dawa ya maumivu, kwa kuwa anashiriki mateso ya Kristo. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili aliandika barua nzima juu ya thamani ya mateso, mwaka 1984, lakini hakuna mahali Kanisa linapomtaka mgonjwa akatae kutulizwa. Papa Pius wa Kumi na Mbili alikwisha kulieleza mwaka 1957 alipozungumza na madaktari wa nusukaputi, na Katekisimu, namba 2279, inarudia: ni halali kutumia dawa za kutuliza maumivu hata kama zinaweza kupunguza siku za mtu, maadamu kifo hakikusudiwi. Mofini ikiandikwa na daktari, apewe kwa saa zake, mchana na usiku. Mtu aliyetulizwa maumivu anaweza kusali Rozari, anaweza kupatana na ndugu zake, anaweza hata kuimba.

Wapo ambao daktari atasema tiba imefika mwisho. Hao tusiwakimbie kwa aibu ya kukosa maneno. Nendeni wachache, kwa muda mfupi, kila baada ya siku mbili. Mwulizeni anataka wimbo gani, muuimbe huo, si ule mnaofanyia mazoezi. Baadhi hupenda kuchagua wenyewe nyimbo za Misa yao ya mazishi. Akitaka kulizungumza, msimzibe mdomo kwa "usiseme hivyo, utapona". Chukueni kalamu mwandike.

Na wapo wanaopona, tena zaidi ya tunavyodhani, ila hatuwaoni kwa sababu hawatangazi. Hao hurudi kliniki kwa miaka kadhaa, mara nyingi mitano au zaidi, na kila tarehe ya kliniki inapokaribia hofu ya siku ile ya majibu huwarudia. Aliye na daftari la kwaya aziandike tarehe hizo. Mwenye kurudi mazoezini apewe kiti, kwa kuwa kusimama saa mbili bado kunamchosha. Huenda pumzi yake ni fupi na sauti imeshuka. Mwalimu amhamishie sauti ya pili bila kutangaza, na nota zake mpya ampelekee nyumbani mapema, kabla ya Jumamosi.